Mstari Mmoja kwenye Dosye Yangu

Nafundisha darasa la kwanza. Nalisema hilo mbele ya yote, maana asiyejua kazi yangu hataelewa ni kwa nini nilipigana vile na waganga wa hospitali. Mwanafunzi mkubwa asiposikia anauliza. Mtoto wa miaka sita asiposikia haulizi. Anaanza kuchezea kamba za viatu, na ukimwacha hivyo miezi miwili, ujue kusoma kwake kumekwisha ingia matatani.

Shule yetu iko Ruashi, hapa Lubumbashi, upande wa malori ya mgodi, ambako vumbi linaingia hata madirisha yakifungwa. Kila asubuhi tunafanya imla ya ardwazi. Nasema neno, watoto wanaandika kwa chaki kwenye vibao vyao vyeusi, napiga kiganja mezani, na wote wanainua ardwazi juu ya kichwa. Kwa kutupa jicho mara moja naona nani amejua na nani amekwama. Miaka kumi na tisa nafanya hivyo, na ningeweza kuifanya nikiwa nimesinzia.

Basi mwezi wa kumi, mwaka ule, nikasema "kuku". Nikapiga meza. Ardwazi zikainuka, na za benchi mbili za nyuma zote zilikuwa tupu. Si kwamba walikosea, hapana. Hakukuwa na alama ya chaki hata moja. Nikawaendea nikiwa nimeshawaka.

"Juu ya nini hamukuandika?"

Wakatazamana. Mmoja akanijibu kwa adabu kabisa: "Madame, haujasema neno."

Nilirudi mbele, nikashika meza. Nilikuwa nimesema, na kwa nguvu zangu zote. Sauti haikuwa imefika ukuta wa nyuma.

Ule mwili wangu ulikuwa umeanza kunigeuka tangu wakati wa baridi, mwezi wa sita. Nilikuwa nalala nikirudi kutoka shule na naamka nimechoka zaidi ya nilivyolala. Nywele zilibaki kwenye kitana. Uso ulivimba, hasa chini ya macho, na vidole vikajaa hata pete ya ndoa ikawa haitoki. Sauti ikashuka, ikawa nene na ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeshinda msibani akilia. Na baridi! Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi jua linachoma mabati mpaka yanalia, watu wanatafuta kivuli cha nguzo, na mimi ninavaa triko, sweta la sufu, darasani.

Na unajua nilipokea nini kwa majirani? Pongezi. Kwetu mwanamke akinenepa, mume wake ndiye anapewa sifa. "Madame, uko nang'aa! Kinsevere inalipa vizuri!" Mume wangu anafanya kazi mgodini Kinsevere, siku kumi na nne kule, siku saba nyumbani, na kila akishuka kutoka kwenye basi la kazi watu walimpiga mgongoni. Naye maskini alicheka nao, kisha akiingia ndani ananitazama kwa woga. Mimi sikuwa nakula hata nusu sahani ya bukari, ugali wetu.

Nikaanza kutafuta matibabu. Kituo cha kwanza walinichoma kidole. "Mama, ni malaria, na tifoide kidogo." Nikanywa dawa zote. Hakuna kitu. Kituo cha pili wakanichoma kidole kilekile, kilikuwa bado kinauma. "Malaria. Na tifoide." Nikawaambia sina homa, nina baridi, tena homa ni moto. Mganga akaniambia kuna malaria ya kujificha. Nikanywa tena. Cha tatu nilipoingia tu nikaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Kabla haujanichoma, naomba unisikilize," nikasema.

Akanisikiliza, huku anaandika. Nilipomaliza akanisomea alichoandika: malaria na tifoide. Wallahi, kama nisingekuwa mwalimu ninayewafundisha wengine heshima, ile karatasi ningeitafuna pale pale.

Wa nne alikuwa mzee mwenye mvi, nikajipa moyo. Hakunichoma kidole. Alinitazama juu ya miwani, akauliza umri wangu, nikasema arobaini na sita, akaweka kalamu chini. "Mama, hiyo ni miaka. Mwili wa mwanamuke unabadilikaka. Utazoea." Nikamuuliza: na watoto wangu wa benchi ya nyuma, nao watazoea? Hakuelewa, nami sikueleza. Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kufanya tangu nizaliwe.

Juma lile lile mkuu wa shule akaniita. Ni mwanaume mpole, ila anaamini karatasi kuliko anavyoamini macho yake. Wazazi wawili walikuwa wamemwandikia kwamba mwalimu wa darasa la kwanza hasikiki na anasinzia. Sikubisha. Yote mawili yalikuwa kweli.

"Madame," akasema, "mpaka likizo ya Pasaka. Uniletee karatasi ya munganga yenye kusema uko muzima kwa kufundisha. Bila ile, darasa nitapatia mwingine, weye utabaki kwa biro unapanga makaye."

Mimi kwa biro, ofisini, napanga makaye, madaftari ya watoto! Nilisimama pale uani, watoto wanaruka kamba, nikajiambia: darasa hili halinitoki. Wanichome vidole vyote kumi, na vya miguu, lakini Pasaka itanikuta mbele ya ubao.

Aliyenisaidia kwanza alikuwa daktari msichana, bado anajifunza kazi, katika hospitali moja ya misheni. Niliingia kwake nimejiandaa kwa ugomvi. Hata sijakaa, akauliza:

"Mama, siye bote tuko nasikia joto, na weye uko navaa triko. Iko nini?"

Ni swali dogo, lakini ndilo la kwanza nililoulizwa kuhusu mimi mwenyewe katika miezi minne. Nikaanza kulia kama mjinga. Aliniacha nilie, akashika mkono wangu, akagusa ngozi, akapiga goti langu kwa kinyundo na kutazama mguu ulivyorudi polepole kana kwamba unafikiria. Akanipa maji ninywe huku akiangalia shingo. Kisha akaandika kipimo kimoja tu cha damu. Hakuna malaria, hakuna tifoide.

Majibu yalipotoka akanichorea shingo kwenye karatasi, na ndani yake kitu chenye umbo la kipepeo. "Hii inaitwa tiroidi. Ni tezi. Ndiyo inaambia mwili wote utembee mbio gani. Yako imechoka, haifanye tena kazi yake. Dawa iko. Kidonge kimoja kila asubuhi, mbele ya kula, na maji tu. Ni ya maisha yote, Mama, lakini utarudia kuwa mutu."

Nilimbariki yeye, na mama yake, na nyanya yake. Kwa bahati mbaya muda wake pale ulikwisha kabla ya Noeli, akahamishwa. Dosye yangu, yaani faili langu la hospitali, ikapelekwa kwa daktari mkubwa wa mambo hayo katika kliniki moja ya mjini: mwanaume wa miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi mpaka limekuwa kama ubao, maneno machache.

Nilikunywa kile kidonge kila siku, saa kumi na moja alfajiri, na maji matupu. Baada ya wiki sita tukapima. Ile namba ya damu, inayopanda tezi ikichoka na ambayo dawa ingepaswa kuishusha, ilikuwa imekaa palepale juu. Daktari akaongeza dawa mara mbili. Nikanywa. Wiki sita nyingine, mwisho wa mwezi wa kwanza, tukapima. Namba haikusogea. Na mimi pia sikusogea: triko lilelile, uso uleule, sauti ileile ya msibani. Benchi za nyuma nilikuwa nimezileta mbele na za mbele nimezipeleka nyuma, kwa zamu, ili ujinga niugawanye sawasawa.

Daktari alitazama majibu, akavua miwani.

"Mama, unakunywaka dawa?"

"Kila siku, Docteur."

"Uko na dawa zingine? Za kienyeji? Miti?"

"Hapana."

"Unakunywa na chai? Na maziwa?"

"Na maji. Vile mulisema."

"Kwa dozi hii, mutu mwenye kukunywa dawa hawezi kuwa na namba hii."

"Docteur, mi niko mwalimu. Siwezi kukudanganya kwa kitu kama hii."

"Bagonjwa bote banasemaka vile."

Akavaa miwani, akaandika. Sasa, mwalimu wa watoto wadogo ana ujuzi mmoja ambao madaktari hawaujui: anasoma juu chini. Miaka yote nasimama mbele ya benchi na kaye ya mtoto inamtazama yeye, si mimi. Nikasoma mwandiko wake bila hata kuinamisha kichwa. Aliandika, kwa Kifaransa: *mgonjwa hafuati matibabu.* Akapiga mstari chini yake.

Nikamuuliza kuhusu karatasi ya shule. Akasema hawezi kuandika kwamba ni mzima mtu ambaye dosye yake inasema hivi. Nirudi baada ya wiki sita, na safari hii ninywe dawa kwa ukweli.

Kwa ukweli! Nilitembea kutoka pale mpaka kituo cha teksi naongea peke yangu, watu wananipisha. Nimewaita watoto waongo mara ngapi katika maisha yangu? Nyingi. Siku ile niliwaomba msamaha wote, mmoja mmoja, kimoyomoyo. Kuitwa mwongo na wewe unajua umesema kweli ni uchungu unaokaa kooni, na koo langu lilikuwa na shida zake tayari.

Nyumbani nikatoa boksi la dawa. Ndani yake kuna karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nane, ya herufi za sisimizi, ambayo hakuna mtu anayeisoma. Nikaenda uani kwenye mwanga, nikachukua miwani yangu ya kusahihisha na kamusi ya shule, nikaisoma yote, kama vile nasahihisha mtihani. Nilitafuta kosa. Nilijua si langu. Basi liko wapi?

Upande wa pili, katikati, nikalikuta. Ilisema kuna vitu vinavyoshika dawa hii tumboni visiiache iingie kwenye damu. Vidonge vya chuma. Vya kalsiamu. Na dawa za tumbo, zile zinazofunika ukuta wa tumbo. Mtu aache saa kadhaa katikati.

Situmii dawa za tumbo, nikasema. Nikataka kugeuza karatasi, kisha mkono ukasimama.

Mwaka mmoja nyuma nilikuwa nimeumwa kuhara, na duka la dawa likaniuzia pakiti za unga mweupe wa kukoroga kwenye maji. Nilipoonja mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni. Ladha hiyo naijua! Nikasoma pakiti, na kweli imeandikwa kwa Kifaransa, bila kuficha: udongo. Nilimwambia mume wangu siku ile kwamba wazungu wamechukua pemba yetu, wakaitia kwenye karatasi nzuri na kuturudishia.

Pemba. Nilikaa chini kwenye ngazi.

Asiyetoka kwetu nimweleze. Pemba ni udongo mweupe, laini, unachimbwa kando ya mito, unakaushwa, na wanawake wanautafuna. Unauzwa sokoni pembeni ya chumvi na karanga. Wenye mimba ndio wanaoutafuna hadharani, nao wanasamehewa. Wengine tunautafuna kwa siri, maana mwanamke wa umri wangu akionekana na pemba mdomoni ataulizwa, "Ee Madame, iko wa ngapi huyu?" na mtaa mzima utacheka. Mama yangu alikuwa mtu wa Mitwaba. Nilipokuwa mdogo alivunja kipande katikati, nusu yake nusu yangu, tukakaa mlangoni tunatafuna, hatusemi kitu. Alipokufa, mdogo wake aliyebaki Mitwaba akaendelea kunitumia: kila mfanyabiashara anayeshuka na maharagwe ananiletea mfuko, na mimi siku hiyo nanusa mfuko kabla ya kuufungua.

Na tangu mwili uanze kuniumiza, hamu ya pemba ilikuwa imeniongezeka. Kipande kimoja nilikitia mdomoni kila asubuhi, njiani kwenda shule, ili nisisinzie. Kila asubuhi, nusu saa baada ya kidonge.

Nilicheka kwanza. Kisha nikakasirika na daktari, kisha na mimi mwenyewe, kisha nikalia kidogo, kwa sababu ya mama. Daktari aliniuliza dawa, nikasema kweli. Angeniuliza chakula, ningemwambia kweli: bukari, sombe, samaki. Lakini pemba kwetu si dawa wala si chakula. Ni pemba tu. Hakuna karatasi ya hospitali yenye nafasi yake, na mimi nisingeitaja mbele ya lile shati lililopigwa pasi hata kama angenibana na koleo.

Mtu mwingine angekimbia kliniki siku ileile. Mimi sikukimbia. Nilijua kitakachotokea: mwongo amepata kisingizio, tena kisingizio cha udongo. Hapana. Nikaamua nitarudi kwake na namba mkononi. Wiki sita bila pemba, hata punje, dozi ileile, kidonge kilekile. Nikahesabu kwenye kalenda. Wiki sita zingeisha siku kumi kabla ya likizo ya Pasaka. Hakukuwa na nafasi ya kukosea.

Jamani, zile wiki sita! Kama ungekuwa wakati wa kiangazi ningeweza kusahau. Lakini ilikuwa mwezi wa pili, mvua kila siku, na mvua ikipiga ule udongo mwekundu wa Ruashi harufu inapanda mpaka darasani. Mate yananijaa mdomoni katikati ya somo. Nilikuwa nasema "ba, be, bi" huku nameza. Mafundi walikuwa wanajenga nyumba pembeni ya shule. Wakichimba msingi, mimi nafunga madirisha, watoto wanalalamika joto. Nikatafuna karoti. Nikatafuna kijiti cha kiberiti. Usiniulize ni mara ngapi nilisimama mbele ya kabati ambamo mfuko wa Mitwaba ulikuwa umefungwa, nikauonyesha kidole na kuuambia, "Apana. Si leo."

Mume wangu aliporudi kwa siku zake saba nikamfungulia siri. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Akaniacha nimalize yote.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Pemba. Miaka yote. Mufuko ya nguo yako iko nyeupe ndani. Nani anafikiri ni chaki?"

"Na haukusema?"

"Haukuniulizaka."

Nilimtupia kitambaa cha sahani. Tukacheka mpaka sauti yangu ikakatika, na ndipo yeye akanyamaza, akasema, "Ngoja. Rudia kucheka." Nikarudia. Akasema imebadilika. Imepanda kidogo. Nikamwambia asinitie matumaini, aende zake akaoge.

Lakini ilikuwa kweli. Wiki ya nne niliamka kabla ya saa kulia, jambo nililokuwa nimesahau kwamba linawezekana. Wiki ya tano nilivua triko darasani nikasahau nimeliweka wapi. Pete ikaanza kuzunguka kidoleni. Sikumwambia mtu. Niliogopa kusema kwa mdomo kitu ambacho damu haijasema.

Siku ya majibu nilivaa kikwembe, kitenge changu cha sherehe. Ndani ya mkoba niliweka bic nyekundu, kalamu yangu ya kusahihishia, ile karatasi ya sisimizi, na kitu kimoja nilichokifunga kwenye leso.

Daktari akafungua bahasha. Akatazama, akatazama tena jina, kuhakikisha ni mimi. Namba ilikuwa imeanguka, karibu kabisa na pale inapotakiwa. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Unaona, Mama? Sasa unakunywa dawa."

Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitapandisha sauti. Lakini sauti ilikuwa imerudi, nayo ilitaka kutumika.

"Docteur, dawa nilikunywa tangu siku ya kwanza. Siku ya kwanza! Hata moja sikuruka. Kitu nilichoacha ni hiki."

Nikafungua leso juu ya dosye. Kipande cha pemba, cheupe, cha ukubwa wa yai. Unga wake ukamwangukia kwenye karatasi zake na kidogo kwenye mkono wa shati.

Akakitazama. Sikumpa nafasi. Nikamweleza yote: kidonge saa kumi na moja, pemba saa kumi na moja na nusu, pakiti ya duka la dawa, karatasi ya sisimizi, wiki sita. Nikamwekea karatasi mbele, mstari nimeshaupigia alama nyekundu. Alisoma. Akashika pemba, akaigeuza, akainusa, na hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika na kuwa wa mtu wa kawaida.

"Mama yangu alikuwa nakula hii," akasema polepole.

"Mama za siye bote, Docteur."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Juu ya nini haukuniuliza?"

Akairudisha pemba kwenye leso. Kisha nikasema, kwa upole kidogo, maana haki ni haki: "Mi nilisikia haya kuitaja pemba. Ile iko kosa yangu. Lakini bongo sikusema, sikudanganya. Na weye uliandika kama niko nasema bongo."

Akafungua droo, akatoa fomu ya karatasi yangu ya shule, akaanza kuijaza. Nikaweka mkono juu yake.

"Kwanza ile ya ndani."

"Ile gani?"

Nikamsomea kutoka upande wangu wa meza, juu chini, neno kwa neno, pamoja na tarehe. Alishtuka kama mtoto aliyekamatwa anaibia jirani jibu. Akasema dosye haifutwi, ni kanuni.

"Sikusema ufute. Darasani kwangu hatufutaki. Mutoto akikosea, anapiga mustari moja tu juu ya kosa, mustari moja, ionekane bado, na anaandika jibu juu yake. Vile mwenye kusoma kisha ataona kosa na jibu, byote mbili." Nikatoa bic nyekundu, nikaiweka mbele yake.

Sijui ni nini kilichomshinda, bic au mama yake. Aliichukua. Akapiga mstari mmoja, ulionyooka, juu ya maneno yale. Juu yake akaandika polepole, na mimi nikasoma kila herufi ikizaliwa: *mgonjwa alifuata matibabu, alikuwa anakula pemba, hakuulizwa.* Akatia sahihi. Kisha akatia sahihi na karatasi ya shule, akaniambia niache pemba kabisa, maana hata damu na tumbo haviitaki, na kidonge nisikiache kamwe. Nikasema ndiyo. Nikaomba bic yangu.

Nilikaa kidogo kwenye benchi la koridoo, nikaikunja karatasi na kuitia mkobani. Mwanamke mwingine akaingia, mnene, amejifunika kitenge mpaka shingoni katika joto lile. Mlango haukufungwa vizuri. Nikasikia daktari akiuliza dawa, akiuliza chai, akiuliza maziwa. Kisha akakohoa.

"Na pemba, Mama? Unakulaka pemba?"

Halafu yule mama, kwa sauti nzito iliyokwaruza, sauti niliyoijua kama ninavyojua jina langu: "Yo! Docteur! Nani alikuambia?"

Nikainuka, nikaenda zangu.

Mkuu wa shule alisoma karatasi mara mbili, akaipiga mhuri, akaiweka kwenye faili, akaniambia, "Bon, Madame, iko sawa." Kwake ilikuwa imekwisha. Kwangu ilibaki kitu kimoja, na hicho hakina mhuri.

Kesho yake asubuhi niliingia darasani, nikarudisha benchi zote mahali pake pa zamani. Wale walioniambia mwezi wa kumi kwamba sijasema neno wakarudi nyuma kabisa, karibu na ukuta, na niliwaona wanatazamana. Nikasimama kando ya ubao. Sikupiga kelele. Nilisema neno mara moja tu, kama ninavyosema na mtu aliye mbele yangu.

"Kuku."

Chaki zikalia. Nikangoja, mkono uko juu ya meza, naogopa kuushusha. Kisha nikapiga.

Ardwazi zikainuka. Sikuangalia za mbele. Nyuma kule zilikuwa kumi, na zote zilikuwa na maandishi. Mmoja alikuwa ameandika *kuk*, akaishiwa na nafasi. Mwingine aligeuza k zote mbili, zinatazama dirishani.

Nikashuka katikati ya benchi na bic yangu nyekundu mkononi, ingawa kwenye ardwazi haina kazi, nikamfikia yule wa *kuk*.

"Neno ulilisikia?" nikamuuliza.

Akanishangaa. "Ndiyo, Madame. Si umelisema?"